Kizibao Kisichoamini Baridi ya Malindi

Malindi nzima ikitoka jasho, dadangu huvaa soksi. Ikifika mwezi wa saba, kusi ikivuma na mvua zake za kushtukiza, huvaa jozi mbili, na juu ya buibui hujitanda mtandio mzito kama mtu aliyeugua mafua tangu azaliwe. Mimi ndiye niliyembandika jina la Balozi wa Ncha ya Kaskazini. Jina likashika shuleni, hata mwalimu mmoja akalitumia siku moja akiita mahudhurio, nami nikaona fahari kama niliyetunga wimbo wa taifa. Nalitaja mapema ili msije mkanidhania mtu mwema.

Dadangu ana selimundu. Daktari alituchorea: chembe za damu za watu wengine ni duara kama chapati, zake hujikunja kama mundu, zikajikwaa kwenye mishipa na kuziba njia. Akipigwa na baridi, au akikosa maji mwilini, zinajikwaa zaidi, na hapo maumivu huingia kwenye mifupa. Nilimwuliza daktari zangu zina umbo gani. Akasema zangu nzuri kabisa. Mpaka leo sijui nizifanyie nini hizo nzuri.

Nyumbani hatuyataji maumivu kwa jina lake. Tunaita mgeni. “Mgeni kaja,” atasema, na kila mtu anajua kazi yake: Mama anatafuta dawa, Baba anawasha tuktuk yake, bibi anachemsha maji. Mimi sina kazi. Mimi husimama mlangoni nikisema mambo ya kipuuzi, maana siku nyingine hucheka, na akicheka najiona kama nimetibu.

Mwaka huu kwaya ya shule yetu ilishinda mashindano ya huku kwetu kwa ngoma ya vugo, ile ya akina mama wa harusini wanaogonga pembe za nyati kwa vijiti. Aliyetoa sauti ya kwanza ni dadangu, mwili mwembamba kama ufito na koo kama adhana ya alfajiri. Fainali zikawa bara, mji wa milimani. Alikuwa hajawahi kuvuka hata Mariakani. Alipoleta ile karatasi ya ruhusa, Mama aliisoma akiwa amesimama, akamrudishia.

“Bara? Wewe? Kule watu wakiongea midomo inatoa mvuke kama birika.”

“Siku nne tu, Mama.”

“Mgeni hangoji siku nne.”

“Nikivaa nguo nyingi je?”

“Nguo nyingi unavaa hapa hapa na bado anakuja.”

 Dadangu aliikunja ile karatasi mara nne, akaitia ndani ya soksi. Ya nje, ya mguu wa kulia. Kwa siku tatu alitembea nayo humo, na mimi, mcheshi wa darasa, sikupata hata neno moja la kumwambia.

Sasa kizibao. Mama hufanya usafi kwenye jumba la signora mmoja wa Kitaliano, na kila signora akirudi kwao humwachia mfuko wa nguo. Safari hii mlikuwa na suruali za kitani, kofia ya ukili, na kizibao cheusi kisicho na mikono, chepesi, kimefura kama godoro la mtoto mchanga, na waya mfupi umechungulia mfukoni kama mkia wa panya. Bibi alisema tukitupe, kina bomu. Mimi nilikaa nacho alasiri nzima na simu yangu mpaka nikakielewa.

Kumbe ndani mna nyuzi za kupata moto. Unatia mfukoni ile betri ya kuchajia simu, unachomeka waya, unapakua programu yake, halafu unachagua joto unalolitaka. Hata bila simu kuna kitufe kifuani. Lakini uhodari wake ni kwamba kinajipima chenyewe: hewa ikiwa baridi kinaongeza, ukishatosheka kinapunguza, wewe kazi yako ni kuvaa tu. Kwenye kioo cha simu kuna uso wa duara. Ukiwa na baridi uso ni wa bluu, umenuna. Ukistarehe unakuwa wa kijani, unacheka meno nje.

Nilimwonyesha dadangu. Alikigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa paka wa jirani.

“Kinapasha kweli?”

“Balozi, hiki ni ubalozi wenyewe.”

Akatoa ile karatasi kwenye soksi.

Mama si mtu wa kuambiwa. Pasi ya makaa huipima kwa mgongo wa mkono, uji wa mtoto kwa mgongo wa mkono, homa zetu hivyo hivyo. “Kama kinapasha nikione kikipasha,” alisema. “Hapa, kwa mkono wangu. Sitampeleka mtoto milimani kwa maneno ya simu.”

Basi dadangu akakivaa, akaketi barazani. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na upepo wa kusi ulikuwa unapita uani ukipindua ndoo. Nikabonyeza. Uso ukatokea: kijani, meno nje. Mama akatia mkono ndani ya kizibao, akangoja, akautoa.

“Hili joto la nani? Hata maiti ana zaidi.”

Nikapandisha kipimo mpaka juu kabisa. Kikashuka chenyewe. Nikapandisha tena, kikashuka tena, na ule uso ukaendelea kunichekea. Chini yake pameandikwa joto la hewa, nyuzi ishirini na nne. Hapo ndipo nilipofahamu. Kizibao kile kilitengenezwa na watu ambao kwao nyuzi ishirini na nne ni sikukuu, wanavua mashati wanakimbilia ufukweni. Kimepima hewa ya Malindi, kikaamua hapana mtu hapa mwenye haki ya kuona baridi. Ni kama mwalimu wetu wa zamu, yule anayemwambia dadangu, “Vua mtandio huo, baridi gani pwani?” Dadangu ameketi pale vidole vimepauka, na kitu chenye akili kuliko sisi sote kinasema amestarehe.

“Mama, kule bara kitawaka,” nikasema. “Kule kuna baridi ya kweli.”

“Na kisipowaka? Niwe hapa Malindi nakibonyeza kwa simu?”

 Nguo ya baridi tuliijaribia mahali pasipo na baridi yake, na hukumu ikatolewa papo hapo. Mwalimu wa kwaya alitaka majina Jumatatu. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi nilikigeuza ndani nje kutafuta jicho lake. Nikalipata mgongoni, chini ya kola, upande wa nje: kidude cheusi ukubwa wa punje ya kunde. Hicho ndicho kinachoonja hewa. Na kinachoonja, niliwaza, kinaweza kulishwa.

Bibi yetu huwauzia watoto wa mtaa barafu za ukwaju, zile za kugandishwa kwenye vimfuko vyembamba. Nikachukua moja, nikaifunga kwa kitambaa juu ya lile jicho, nikavaa mimi. Dakika haikutimia, uso ukawa bluu, umenuna vibaya. Halafu joto likaja. Lilianzia kiunoni, likapanda mgongoni, likanikumbatia kifuani, nikawa mkate wa mofa uliobandikwa tanuuni. Nikatoka uani nacheza.

“Kimewaka! Nimekidanganya! Kinadhani tuko Ulaya!”

Dadangu alinitazama na ile barafu inanitonea shingoni.

“Na ikiyeyuka?”

“Nitakubadilishia. Utakuwa na mtandio, nani ataona? Mimi fundi.”

“Wewe mwehu.”

“Fundi mwehu, basi.”

Alicheka. Nilishawaambia, akicheka najiona nimetibu.

Jumapili baada ya alasiri Mama alikubali kupima mara ya pili, lakini kwa masharti yake. “Kaa barazani, pale penye upepo. Napika. Nikimaliza, nikikukuta una moto, nitaitia sahihi karatasi yako. Nikikukuta baridi, tusirudie tena maneno haya.”

Dadangu akaketi na mtandio wake, chini yake barafu, chini ya barafu jicho, na uso kwenye simu yangu umenuna kwa raha zangu. Barafu ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili niliibadilisha nikijifanya namfukuza nzi. Bibi alikuwa kalala, friji haina mlinzi. Ndipo Mama akaniita.

“Njoo ukune nazi!”

“Mama, nasoma.”

“Umesoma lini wewe? Njoo.”

Nilipachika ya tatu kwa haraka nikaenda. Nikaketi juu ya mbuzi ya nazi, mgongo kwa mlango, Mama amesimama mbele yangu anaosha mchele. Nazi mbili. Mtu hawezi kukimbia juu ya mbuzi ya nazi, atajikuna mwenyewe. Nilipomaliza ya kwanza nilichungulia simu chini ya goti. Uso ulikuwa umepotea. Si bluu, si kijani. Mahali pake palibaki duara tupu la kijivu.

“Weka simu, utatutilia plastiki kwenye tui,” Mama akasema.

Nazi ya pili niliikuna mpaka kifuu kikaanza kulia. Nilipotoka barazani, dadangu alikuwa ameketi wima kama anapigwa picha. Kimfuko kilikuwa kimepasuka. Maji ya ukwaju yalikuwa yamempitia kolani, yakashuka mgongoni, yakafika mpaka alipokalia.

“Kimezima?”

“Zamani.”

“Umelowa?”

“Waonaje?”

“Ingia ndani ubadilishe.”

“Mama hajamaliza.”

Upepo ulikuwa ule ule. Yeye hakusogea. Nami nikaliona lile doa la kahawia nyuma yake, kubwa, lenye umbo la ramani, na ulimi wangu ukatangulia akili kama kawaida yake. “Balozi kajikojolea ukwaju,” nikasema, nikacheka mpaka nikashika nguzo. Na yeye akacheka. Mabega yakimtikisika, meno yakigongana. Nilidhani ni kicheko chote kile.

Mama akatoka. Alikuwa ametoka kuosha mchele na vyombo kwa maji ya tangini, mikono bado inatiririka. Akauingiza ule mkono kifuani kwa kizibao, ambako ukwaju haukufika. Akangoja. Akautoa, akauingiza tena.

“Mh,” akasema. “Kweli kina moto.”

Akaitia sahihi ile karatasi juu ya goti lake, na wino ukasambaa kidogo kwa maji ya mkono wake. Dadangu alimbusu mkono ule ule. Alipoingia kubadilisha nguo nilimsikia chumbani anaimba ile sauti ya kwanza, polepole, bila pembe.

Jumatatu asubuhi nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, sare amevaa, soksi moja mkononi. Hakuwa anaivaa. Aliishika tu.

“Tutachelewa, Balozi.”

“Mgeni,” akasema.

Baba aliendesha tuktuk kama aliyebeba mayai, na bado kila shimo la barabara lilimtoa sauti ambayo sijui kuiandika. Nilishika miguu yake. Nikasema kile kichekesho cha mwalimu wa zamu na mbuzi aliyekula chaki, ambacho hakijawahi kukosa. Hakunitazama. Nikakisema tena, kwa sauti zaidi, mpaka Baba akasema bila kugeuka, “Baba, nyamaza kidogo.” Baba huniita baba akiwa hana nguvu za kunigombeza.

Hospitali walimtundikia maji, wakampa dawa ya maumivu, wakasema tungoje. Kungoja ndiko nisikokuweza. Nilirudi mbio nyumbani, nikakichukua kizibao, kilishakauka. Betri nikaichaji, waya nikaufuta, nikamfunika nacho magotini, maana huko ndiko mgeni alikokuwa. Nikabonyeza. Nikaomba, na mimi si mtu wa kuomba nje ya mitihani.

Uso ukatokea. Kijani. Unacheka.

Wodini mlikuwa na joto la watu na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mvua. Dadangu amejikunja, anauma pembe ya shuka, na mkononi mwangu ule uso wa simu unaniambia amestarehe, kila kitu kiko sawa. Nikapandisha kipimo. Kikashuka. Nikapandisha. Kikashuka. Nilikuwa naujua ule uso. Ni uso wangu ule, nimesimama mlangoni, nachekesha.

“Kaka, ondoa hayo mawaya,” muuguzi akaniambia kwa upole. “Mletee blanketi tu. Na mpe maji anywe.”

Adhuhuri Mama alitoka nje kwenye benchi. Alikuwa amekwisha kukihukumu kizibao. Nguo za wazungu, alisema, zimemdanganya, zimemtia mwanawe tamaa. Nikaketi kando yake, nikamwambia yote: jicho, barafu, nazi, doa. Nilisema haraka nisije nikatia mzaha katikati.

Aliufungua mfuniko wa chupa ya chai, akaufunga.

“Ulipomwona amelowa ulifanya nini?”

“Nilicheka.”

Akaufungua tena.

“Na yeye?”

“Na yeye alicheka.”

Nilingoja kofi. Nililitaka, wallahi. Kofi lingekuwa ni kitu kimetendeka. Lakini Mama aliugeuza mkono wake wa kulia, akautazama mgongo wake, ule wa kupimia pasi na uji na homa zetu, akautazama muda mrefu.

“Ulikuwa baridi mkono wangu,” akasema. “Nilitoka majini.”

 Chai ilipoa kwenye kikombe tukaimwaga.

Daktari alisema safari hapana, asifikirie hata. Basi la kwaya lilikuwa liondoke Alhamisi. Jumatano dadangu aliweza kuketi na mito mitatu, akaniambia nikipeleke kizibao shuleni kwa msichana wa sauti ya pili, ambaye sasa ndiye angekuwa wa kwanza.

“Kwa nini umpe?”

“Kuna baridi huko. Ataimbaje anatetemeka?” Akafumba macho. “Kifue kwanza. Kinanuka ukwaju. Na mwambie asikiwekee kitu chochote mgongoni.”

Nilitoa nyaya nikakifua kwa mkono, kola nikaisugua kwa mswaki, na harufu haikuisha yote. Nilipomkabidhi yule msichana aliniuliza kinatumikaje. Kwa kawaida ningemwambia apige magoti akisalimie kwanza. Nikamwambia, “Bonyeza kifuani. Basi.”

Jumamosi dadangu alikuwa amerudi nyumbani, kitandani, mgeni hajaondoka kabisa, yuko magotini anavuta miguu kama mgeni asiyejua kuaga. Simu yangu ikalia. Yule msichana. Nikaiweka sauti kubwa juu ya mto.

“Dada, u hali gani? Sisi twaingia jukwaani baada ya chakula. Ala, kizibao chako! Asubuhi tulipotoka nje majani yalikuwa meupe kwa baridi, nakwambia meupe. Nikasema nakufa leo. Kumbe kishawaka chenyewe! Sikukigusa. Na tulipoingia ukumbini kikapoa chenyewe. Wenzangu wote wanaomba zamu.”

“Kinajipima,” dadangu akasema.

“Kweli kinajipima. Hebu nipe ile sauti ya kuanzia, nimeikosa tangu jana.”

Dadangu akavuta pumzi. Akaitoa ile sauti ya kwanza akiwa amelala chali, macho kwenye boriti, si kwa nguvu, lakini mahali pake barabara, na huko bara nilisikia watu wananyamaza na pembe moja ikigongwa mara mbili kumfuata. Halafu simu ikakatika, salio lake limeisha.

 Mvua ilianza tena kwenye mabati.

“Sema basi kitu,” akaniambia. “Cha kipuuzi.”

Nikatafuta. Kichwa changu huwa kama soko la Ijumaa, kelele wakati wote, lakini nilipoingia humo nikakuta meza tupu.

“Sina,” nikasema.

“Wewe?”

“Sina.”

Akanisogezea chupa ya maji moto iliyokuwa imefungwa kanga, ile anayowekewa gotini. Ilikuwa imepoa. Siku hizo hiyo ndiyo kazi waliyonipa hatimaye: nachemsha, natia, nafunga, naweka, nauliza. Nikaenda jikoni, nikarudi nayo.

“Inaunguza?”

“Kidogo.”

Nikaongeza mzunguko mmoja wa kanga.

“Sasa?”

“Sasa siisikii.”

Nikaupunguza nusu. Nilimtazama usoni, maana hapana mahali pengine pa kusoma.

“Hapo?”

“Hapo,” akasema. “Usiutoe mkono.”

Sikuutoa. Chini ya kiganja changu nilisikia ile chupa ikianza, polepole, kupoa.